Utosi wa Magokoro

Asubuhi moja, katikati ya miaka ya sabini, niliondoka Ekerenyo bila kujua niendako. Unanijua, mimi sikai mahali. Nilikuwa na shati moja la ziada na viazi vitamu mfukoni. Nilipopita shule yetu ya zamani nikasikia darasa likiitikia kwa pamoja, "Fuvu ni sanduku la ubongo," na hasira niliyodhani imelala ikaamka kama nyuki waliopigwa jiwe.

Maneno hayo niliyaitikia mimi pia nikiwa mtoto, nikijua kwamba sanduku la magokoro, nyanya yangu, lilikuwa wazi.

Kabla sijazaliwa aligonga kichwa kwenye boriti ya mlango akiwa amebeba kuni, na maumivu yakakataa kuondoka. Akaitiwa omobari, fundi wetu wa kupasua vichwa. Alimkalisha juani, akafungua ngozi, akakwangua mfupa taratibu hadi akauondoa mahali palipokuwa na ufa. Ngozi ilirudi, mfupa haukurudi. "Ngozi ndiyo iliyolia," magokoro alisema kila tulipomuuliza. "Mfupa ulikuwa unavuma tu, kama jiwe la kusagia wimbi."

Jioni, tukishatoka kuchuma pareto, ndizi zikiwa majivuni na moshi ukituchoma macho, niliweka kidole pale. Palikuwa laini, na palipiga kama utosi wa mtoto mchanga. Akiinama kusaga, paliinuka kama kifua cha kifaranga. Akikaa wima, palishuka pakawa kibonde. Akikohoa, paliruka. Akisinzia, palipiga polepole, nami sikuthubutu kusogea.

Ni wajukuu tu tulioruhusiwa. Baba yangu, mwanawe wa kumzaa, hakuwahi hata kumwona bila kitambaa kichwani, kwa sababu ya chinsoni, ile heshima yetu inayomzuia mtu kutazama au kugusa mwili wa mzazi wake, au wa yeyote wa rika la mzazi wake. Mjukuu hana chinsoni na nyanya yake. "Gusa, mume wangu," alinitania, "ila usibishe hodi kwa nguvu. Mwenye nyumba amelala."

Sasa sikiliza. Siku moja mwalimu wa sayansi alisema kwamba fuvu likitobolewa, mtu hangoji kesho, anakufa leo. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, magokoro wangu ana tundu, na jana alichuma pareto."

Darasa likacheka. "Basi mlete," akasema. "Usipomleta, viboko vya uongo unavijua."

Alikuja. Alikuja kwa ajili ya makalio yangu, akiwa amevaa gauni lake la Sabato siku ya kazi. Na mwalimu yule hakuwa mgeni. Alikuwa wa kwetu, rika la baba yangu, na mama yake alipalilia wimbi pamoja na magokoro. Alijifunza chinsoni kabla ya kujifunza kusoma.

"Vua kitambaa, mama."

Akavua, macho yake chini. Mwalimu akabonyeza pale kwa ncha ya rula, kama anayepima tope.

"Kohoa."

Akakohoa. Kisha mwalimu akatupanga mstari, kila mtoto apite abonyeze. "Ni kama ndizi mbivu," mmoja akasema, na wenzake wakacheka. Mimi nilikataa kupita. Mwishowe mwalimu akapangusa rula kwenye suruali. "Kumbe. Kaeni, tuendelee." Hakusema pole. Hakumpa hata kiti.

Jioni ile nilinyoosha kidole kama kawaida. Magokoro akaushika mkono wangu, akaurudisha magotini pangu.

"Acha, mtoto. Hiki sasa ni kichwa cha shule."

Aliniita mtoto. Tangu siku hiyo hakuniita mume wake tena, na kitambaa alikifunga hadi kwenye nyusi, hata mbele ya moto, hata mbele yetu. Alizikwa nacho. Mimi shuleni sikurudi. Watu huniambia nisamehe, eti mwalimu alitaka tu kujua kama ni kweli. Ilikuwa kweli kabla hajamvua.

Basi asubuhi ile nilitembea na hasira yangu hadi lori la ndizi likanibeba, na jua likizama likanishusha Masimba, ambako hakuna aliyenijua. Nyuma ya duka moja nikamkuta mama mzee mwenye chumba na kitanda cha kamba.

"Utakaa siku ngapi?"

"Sijui, mama."

"Kaa mpaka ujue. Nishikie huyu, niwashe moto."

Akaniwekea mjukuu wake mchanga mikononi, kipara kitupu, ananuka maziwa. Utosi wake ulikuwa ukipiga. Kidole changu kikasimama hewani.

"Naweza kumgusa hapa?"

"Gusa tu, baba. Kwani atakung'ata?"

Nikagusa. Palipiga, laini, vilevile. Mfupa wa huyu ungefunga kabla hajajua kuongea vizuri, kama inavyopaswa. Wa magokoro ulikaa wazi miaka yote, ukitungoja wajukuu kila jioni, hadi mtu mzima aliyesoma akaja kuufunga kwa rula.