Mzazi Aliyeshika Jembe

"Wewe uliyesoma, niambie," dada yangu aliniuliza, "mtu anaweza kuchoka kabla hajafanya kazi?"

Alikuwa amekaa kitandani, mgongo ukutani, na mtoto wake mchanga amelala pembeni kama mzigo ambao mwenyewe hajaja kuuchukua. Chai niliyomletea ilikuwa imeshapoa na kufanya utando. Nilikuwa likizo ya chuo, na mama alikuwa amenitoa nyumbani kwetu Kahororo, akanituma Buganguzi kwa dada nikamfulie nepi. Shemeji yangu alikuwa kwenye visiwa vya ziwa ananunua dagaa, na nyumbani alibaki mama yake, yaani mkwe wa dada.

Nikajibu swali kwa swali, kama kawaida yangu. "Kwani jana ulilala?"

"Kulala ndiyo nini?" akasema.

Kwa desturi ya huku mzazi, mwanamke aliyetoka kujifungua, hafanyi kazi. Hukaa ndani akapikiwa, akapokea wageni. Hata hilo nililitilia shaka, maana kupumzika mbele ya watu wanaoingia na kutoka ni kazi nyingine. Wanawake walikuja wakapiga magoti, wakampongeza, wakamtazama mtoto na kusema amefanana na babu yake, kisha wakamgeukia dada.

"Mbona mnyonge hivi, waitu, mwenzetu?"

"Uchovu tu," mkwe alimjibia.

Neno hilo lilinichosha kulisikia. Nikaanza kuona kwamba kwetu hali hii haina jina moja; hubadilishiwa jina kadiri mwanamke anavyokua. Msichana akijifungia chumbani, ana maringo. Akishazaa, ni uchovu. Akifika umri wa makamo, ana mawazo. Akizeeka, presha. Mama yangu alikuwa na mawazo tangu niko shule ya msingi, na sikumbuki hata mtu mmoja aliyemuuliza anawaza nini.

Asubuhi moja niliamshwa na kilio cha mtoto. Dada hakuwepo kitandani. Nikamwona kupitia dirisha, yuko kwenye kibanja, shamba la migomba linaloizunguka nyumba, jembe mkononi, analima kama mtu aliyechelewa. Alipalilia, akakata majani makavu ya migomba. Jua lilipopungua makali akaenda kwenye uwanda wa nyasi, akarudi na mzigo kichwani na kuzitandaza nyasi mashinani. Kesho yake vilevile. Aliingia kunyonyesha tu; mtoto akiachia ziwa, alimweka mikononi mwangu na kutoka.

Jirani mmoja alisimama njiani akashika kiuno. "Jamani, huyu mzazi anatuaibisha! Mimi nilipozaa, mume wangu ndiye aliyelijua jembe."

"Mumeo alilijua kwa kulikalia," mkwe akamjibu, wakacheka wote wawili.

Huku mwanamke hupimwa kwa kibanja chake. Kikijaa majani makavu, watu husema ndani kuna mgonjwa au mvivu. Kikiwa safi, wote ni wazima. Kwa hiyo ikakubalika kwamba dada amepona, na desturi ya mzazi kukaa ndani ikasahaulika bila mtu kuitetea. Hata mimi nilitaka kuamini. Nilikuwa nimechoka, na kibanja kilipendeza kweli.

Lakini chakula chake kilikuwa kinarudi jikoni kama kilivyokwenda. Nikamfuata kwenye migomba.

"Dada, kwa nini hupumziki?"

Hakuacha kulima. "Nikibaki ndani na mtoto, sisi wawili tu, naogopa mikono yangu."

"Unaogopa itafanya nini?"

"Mdogo wangu, usinitajishe." Akapiga jembe chini. "Hapa angalau ina cha kushika."

Siku hiyohiyo nilimwambia mkwe tumpeleke dada hospitali. Alikuwa anamenya ndizi, na kisu chake hakikusimama.

"Hospitali ya nini? Mtu anayelima hivi anaumwa?"

"Ndiyo, mama. Analima kwa sababu anaumwa."

"Hayo ndiyo mnayofundishwa chuoni?"

"Hayo kayasema mwenyewe. Anaogopa atamdhuru mtoto."

Kisu kikasimama. Nikatoka nje, nikampigia shemeji. Upepo wa ziwa ulikuwa unavuma ndani ya simu.

"Mama kaniambia mke wangu yuko shamba, ana nguvu."

"Shemeji, halali."

"Mtu mgonjwa si ndiye anayelala?"

"Halali. Ndicho ninachokuambia."

Nikamsikia akimwambia mtu aendelee kupima dagaa bila yeye. Kisha akasema, "Mpeleke hospitali."

Nilijiandaa kugombana na mkwe asubuhi yake. Nikamkuta mlangoni ameshavaa kitenge cha kutokea, mtoto yuko mgongoni kwake. Alikwenda nasi hadi Bukoba mjini, na hakumshusha mtoto ila kwa kunyonya.

Hospitali muuguzi alimuuliza dada, kwa sauti ileile aliyoulizia homa, kama amewahi kuogopa kwamba atamdhuru mtoto wake. Dada akasema ndiyo, kisha akalia. Mimi niliyekuwa na swali kwa kila kitu nilikuwa nimelizunguka hilo moja tangu nifike. Mkwe alikuwa anatazama sakafu.

Dada alipewa dawa, akaambiwa arudi kila baada ya muda na asiachwe peke yake. Tukakaa naye kwetu Kahororo. Siku aliyopona siijui. Kulikuwa na asubuhi nyingi zilizofanana, halafu siku moja akanigombeza kwamba nimezidisha chumvi kwenye ndizi. Nikaichukua chumvi hiyo kama habari njema.

Buganguzi majani yakaota kwenye kibanja. Majirani wakasema. Tulisikia kwamba mkwe aliwajibu, "Acheni yaote."

Mtoto alikuwa ameshaanza shule ndipo dada aliponieleza jambo ambalo mkwe alimwambia yeye peke yake. Shemeji hakuwa mzaliwa wa kwanza. Kabla yake alizaliwa msichana, akafa hajatimiza mwezi, amelala ndani peke yake. Hakuna aliyejua kilichomuua. Mama yake alikuwa kwenye kibanja tangu alfajiri, analima.