Mchumaji wa Upande wa Kushoto

Thangamma aliolewa akiwa mchuma chai, akazaa akiwa mchuma chai, na mikono yake ikazeekea kwenye miteremko ya chai juu ya mji wa Hatton. Kazi ilichosha. Maruba yalimng'ang'ania miguuni na mvua ilimpenya hadi mgongoni, lakini upweke hakuujua. Wanawake walichuma huku wakisengenyana na kutegana vitendawili. Ukungu ukishuka, waliitana majina, asije mtu akatumbukia korongoni. Saa ya kula walijibanza kibandani na mikate yao ya roti, nazi ya kusaga na pilipili ikipita mkono kwa mkono.

Kisha akaja meneja mpya na sheria mpya. Atakayepita kiwango alipwe ziada kwa kila kilo. Atakayepungukiwa ahesabiwe nusu siku. Kibanda kikatiwa kufuli, ili kila mtu ale akiwa amesimama. Mwanzoni Thangamma alifurahi, akaezeka nyumba kwa bati jipya. Lakini soga zikakatika. Nani apoteze pumzi kwa kitendawili na jirani anajaza kikapu?

Asubuhi moja, ndani ya ukungu mzito, alisikia mtu akichuma kushotoni kwake. Tak, tak, tak, bila kupumzika.

"Rasamani, taratibu basi! Unakimbizwa na mama mkwe?"

Tak, tak, tak.

Thangamma akaongeza kasi; yule naye akaongeza. Siku hiyo kikapu chake kilishinda vyote kwenye mizani. Rasamani, shoga yake wa tangu ujana, alikuwa amenuna.

"Leo umenitesa, dada. Umenikaba kushotoni kama mashine."

"Kushotoni kwako? Mie nilikuwa kule chini, karibu na barabara."

Wakatazamana. Kila mmoja alidhani mwenzake anamficha jambo.

Tangu hapo, kila ukungu uliposhuka, yule mchumaji alikuwepo. Nyumbani, mbele ya sahani ya wali, vidole vya Thangamma vilikuwa vikinyofoa hewa.

"Mama, acha," bintiye Kokila alimwambia, akimshika mikono.

"Si mimi, mwanangu."

Kiwandani nako majani yakaanza kukataliwa: vijiti, majani makavu, hata magugu. Vikapu vilijaa, chai ikawa haifai.

Siku iliyokuja kuwa ya mwisho kwa sheria ile, Thangamma alikuwa akiufuata mlio ule, kichwa chini, jasho likimtoka kwenye baridi. Aliponyanyua mguu kupiga hatua, haukukuta ardhi. Akaukumbatia mchai, mawe yakaporomoka chini yake, na hakusikia yakitua. Alikuwa ukingoni mwa korongo.

Mbele yake, juu ya utupu, pasipo mchai hata mmoja, mlio uliendelea. Tak, tak, tak.

"Rasamani!" akapiga ukelele. "Rasamani weee!"

"Naam, dada! Uko wapi?"

Sauti nyingine zikaitika, moja moja, hadi mikono ikampata na kumvuta. Wakaketi chini wote. Kandavel, mnyapara, akaja akifoka.

"Nani kawaambia mkae?"

"Nyamaza, kaka," Rasamani akamwambia. "Sikiliza."

Akausikia mlio kule juu ya korongo. Fimbo ikamponyoka. Akawatangulia kushuka mlima.

Walikataa kurudi hadi kibanda kifunguliwe na ziada ilipwe kundi zima, kwa majani mazuri. Meneja aliwacheka, ila kiwanda kilikuwa kimeshamchoka kwa majani mabovu, akakubali. Ukungu uliofuata waliingia wakipiga soga kwa makusudi, na hawakumsikia mtu asiye mwenzao.

Mshahara wa Thangamma ulipungua. Hakuficha kwamba zile pesa alizitamani. Vidole vyake vilichukua miezi kutulia, na mpaka leo, akichuma, hukubali kusimama popote mstarini, mradi kushotoni kwake awepo mtu anayemwona kwa macho.