Namba Wani Aliyekuwa Ng'ambo ya Mto

Nianze na ujinga wenyewe. Mwaka jana, nikiwa darasa la saba, nilimfanyia rafiki yangu mtihani wa majaribio wakati yeye hata shuleni hakuwepo. Nilijaza karatasi zake zote, halafu zangu nikazijaza kwa dakika zilizobaki. Mwenye kutaka kucheka acheke. Mimi nimeshacheka, na bado niko darasa la saba.

Shule yetu iko hapa Malaba, upande wa Kenya, karibu sana na mto. Mvua ikizidi, vyura huingia darasani bila kuandikishwa. Tunakaa kwa namba. Matokeo ya muhula yakibandikwa mlangoni, kila mtu anabeba vitabu vyake na kuhamia dawati la namba yake. Wa mwisho wako mbele, chini ya kiboko. Wa kwanza na wa pili wanashiriki dawati la nyuma, dirishani, ambapo unaweza kuona malori yakingoja kuvuka kwenda Uganda. Namba wani alikuwa yeye. Namba mbili mimi. Tangu darasa la nne hatukuachana. Walimu walidhani napenda masomo. Mimi nilipenda dawati.

Yeye alitoka ng'ambo. Kila asubuhi alivuka mto mahali penye maji ya magotini, kaptura ya shule juu ya kichwa, akaja kwetu kwanza. Mama alimpa uji bila kumuuliza kama anataka. Kisha tukaenda shule, mimi nikiongea, yeye akicheka kwa pua. Alikuwa na tabia ya kumaliza hesabu halafu kuilalia karatasi kama mtu amechoka, kumbe ananiachia kona moja nione. Sikuomba. Hakusema. Namba mbili yangu ilikaa kwenye kona hiyo.

Halafu wanajeshi wa upande ule wakaanza kulinda mto. Jumatatu moja hakuja. Jumanne hakuja. Wiki nzima mama alitoa vikombe viwili, akasimama akiangalia njia, akarudisha kimoja. Mimi jioni nilishuka mtoni kupiga mluzi wetu. Ng'ambo niliona migomba tu, na siku moja mbuzi aliyeniangalia kwa muda mrefu sana.

Dawati likawa pana. Nilijaribu kufanya mzaha peke yangu nikagundua kwamba mzaha unahitaji pua ya mtu wa pili.

Miezi miwili ikapita, mwalimu wa darasa akatangaza mambo mawili. Kwanza, mtihani wa majaribio utasahihishwa na walimu wa shule nyingine huko Chakol, ili wilaya ijue shule ipi inapanda na ipi inalala. Watakaokuwa chini ya mstari mwekundu watarudia darasa. Hawataandikishwa kwa mtihani wa mwisho wa kuingia sekondari. Pili, asiye na alama zozote atafutwa kwa rejista, na dawati lake lichukuliwe na anayefuata.

Anayefuata ni namba tatu, kijana ambaye hata akisoma kimoyomoyo unamsikia.

Kila siku ya mtihani mwalimu alipita haraka akitupa karatasi mbilimbili kila dawati. Tulikuwa wengi kupita kiasi, hakuangalia nani yupo. Karatasi mbili, mtu mmoja. Nikaandika jina lake juu ya moja. Kwa nini nilianza na yake? Kwa sababu namba wani haachi swali. Yangu niliona ningeifikia. Niliifikia dakika za mwisho tu, siku zote tatu.

Majina yalipobandikwa, rafiki yangu alikuwa wa kwanza, sio darasani tu, mpaka shule zote za karibu. Shule yetu ikapanda hadi namba mbili. Mwalimu mkuu akatusifu paredi nzima, akasema juhudi zake zimeanza kuonekana. Mimi nilikuwa wa thelathini na nane. Mstari mwekundu ulikuwa umepigwa chini ya thelathini na tano.

Mwalimu wa darasa ndiye aliyekumbuka kwamba namba wani ana zaidi ya miezi miwili hajaonekana. Akautazama mwandiko, akaujua ni wangu. Mama akaitwa. Alikuja kutoka mashine ya kusaga, unga ungali kwenye nyusi.

"Kijana," mwalimu mkuu akaniuliza, "kama akili hii ni yako, kwa nini hukuandika jina lako?"

"Mwalimu, mimi nimezoea namba mbili."

Mwalimu wa darasa alikohoa akageukia ukuta. Mwalimu mkuu hakukohoa.

"Mwalimu," mama akasema, "si hizo alama ni zake? Mwandikie zake, afanye mtihani na wenzake."

"Mama, keti. Majina yamefika Busia, wilayani. Nikisema huyu ni yule, wataniuliza na yule ni nani. Watazifuta karatasi zote mbili, na shule itarudi pale ilipokuwa."

"Kwa hivyo yule hayuko na ameandikishwa. Huyu yuko na hajaandikishwa."

"Mwaka mmoja si mwingi, mama."

"Wako au wake?"

Nilipata viboko vyangu sita, tukaondoka.

Tulipita kando ya malori. Nilimwambia mama kwamba angalau sasa nitayajua majibu ya mwaka ujao. Hakucheka. Nikamwambia ningejua ningeandika haraka zaidi. Hapo pia hakucheka. Nilijua anafikiria mwaka mzima, kaptura ambayo tayari imenipanda mapajani, wenzangu watakaokwenda sekondari wakinipungia mkono. Mimi nilikuwa nafikiria dawati. Namba tatu bado hangekalia pale. Kwenye rejista mwenyewe yupo. Lakini mimi pia singekalia pale. Thelathini na nane ni mbele, chini ya kiboko, na hakuna dirisha.

Tulipofika mahali ambapo njia inashuka mtoni, mama alisimama. Aliangalia ng'ambo. Nikangoja kofi.

"Hesabu ulimpatia ngapi?"

"Arobaini na sita kwa hamsini."

Akapangusa unga usoni kwa ncha ya leso.

"Mwenyewe angepata zote," akasema.