Uliniambia Nitasikia

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya Kasigau ambayo nikiikumbuka mpaka leo naangalia chini, hata nikiwa peke yangu.

Zamani ndovu wakishuka mashambani, aliyewaona kwanza alipiga kelele. Jirani alizipokea, na jirani wa jirani, mpaka kijiji kizima kikawa macho na madebe yanalia. Kisha zikaja simu za kugusa. Mimi nilikuwa katibu wa kikundi cha kulinda mashamba, ndio kwanza nimemaliza masomo Voi, na kichwa kilikuwa kimenivimba kidogo. Nikafungua grupu la ujumbe wa intaneti. Nikatangaza barazani kwamba kelele ni mambo ya kizamani: atakayeona ndovu aandike, tutasoma sote.

Nyanya Wakesho aliinua mkono. Alikuwa mjane, na shamba lake lilikuwa la mwisho kabisa, linapakana na pori. Simu yake ilikuwa mulika mwizi, ile ndogo ya vitufe yenye tochi, ameishonea kijifuko na kuivaa shingoni. Akauliza wao wenye simu ndogo watajuaje. Vijana wakacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka nao.

"Usijali, nyanya, utasikia tu," nikamwambia, nikaendelea na mengine.

Mahindi yalipokaribia kukauka, ndovu wakaja. Aliyewaona aliandika. Tuliokuwa kwenye grupu tulisoma, kila mtu akakimbilia shamba lake na tochi. Hakuna aliyepiga kelele, maana tulishaambiana.

Kulipokucha nilimkuta Nyanya Wakesho amekalia debe lake katikati ya mabua yaliyokanyagwa. Chakula chake cha mwaka kilikuwa kimekwisha. Nilianza kumpa pole, nikachanganya na maelezo ya mtandao, sijui nilikuwa namweleza nini. Hakunigombeza. Alitoa simu kwenye kijifuko akanionyesha. Ilikuwa imejaa chaji. Alikuwa ameipeleka dukani makusudi, akijua huo ndio wakati wa ndovu.

"Uliniambia nitasikia," alisema. "Basi nikakaa nikisikiliza."

Angenitukana, mwanangu, ningepona upesi.

Tulimchangia mahindi. Kelele tukazirudisha, na ujumbe mfupi ukawa unakwenda kwa kila simu, kubwa na ndogo. Jumamosi tulikutana kanisani nikawafundisha wazee kuusoma. Nyanya alikaa mbele na kuniita mwalimu, na kila aliponiita hivyo aibu ilinirudia upya. Alishafariki, lakini aibu hiyo sijaizika.

Nakueleza haya kwa sababu juzi wewe na wenzako mlituletea ile ramani ya kwenye simu inayoonyesha ndovu walipo. Mlieleza vizuri, ila haraka. Sikuelewa kitu. Nilitaka kuuliza, nikaogopa kuchekwa, mkono wangu ukabaki mapajani. Ndipo nilipojua Nyanya Wakesho alihitaji moyo kiasi gani kuuinua wake.

Basi nakuusia hivi. Chochote kipya utakacholetea kijiji, anza na mwenye shamba la mwisho. Muulize yeye kwanza, panga naye, na usimwambie atasikia. Kaa naye mpaka asikie. Na siku nywele zako zitakapokuwa nyeupe kama zangu, usione haya kuketi darasani na watoto.

Jumamosi hii mkitufundisha tena ramani yenu, nitakuja na simu yangu, na mkono nitauinua. Mungu akulinde wewe na shamba lako, mwanangu, na akupe subira ya kunijibu.