Tulipompeleka Mama Turkwel

Katikati ya miaka ya sabini nilikuwa mwalimu Lodwar, mgeni kutoka Mkoa wa Magharibi, nikapanga chumba nyuma ya duka la Mhindi mmoja. Mkewe aliisherehekea sikukuu ya mungu wao wa kike, wanayemwita Mama, peke yake ndani ya stoo, kati ya magunia ya unga.

Siku ya mwisho aliniita nimsaidie. Stoo haikuwa na dirisha. Taa ya samli iliwaka mbele ya picha ya Mama, mwenye mikono mingi, ameketi juu ya simba. Chini yake palikuwa na chungu alichopanda nafaka sikukuu ilipoanza. Miche ilikuwa imeota gizani, mirefu, myeupe kama nywele za ajuza. Hapakuwa na upepo, lakini niliiona ikitikisika. Akaweka nazi na sukari, akaimba kwa sauti ya chini. Mimi Mkristo nilisimama mlangoni nikisali kimoyomoyo.

"Sasa tumpeleke Mama mtoni," alisema, akikiinua chungu.

"Lakini Turkwel umekauka."

"Najua, mwalimu."

Jua lilikuwa la utosi. Mtoni, mwanamke wa Kiturkana alikuwa akichota maji kwenye shimo la mchanga. Tukasalimiana, ejok. Mke wa mwenye duka akakiweka chungu katikati ya mchanga, akaketi kando yake. Nilimuuliza tunasubiri nini. Akaendelea kuitazama miche.

Kisha ndege wakanyamaza. Yule mwanamke akainua kichwa, akasikiliza, akabeba ndoo yake.

"Toka hapo," alituambia. "Maji nakuja."

Mbingu haikuwa na wingu hata moja. Nikamvuta mwenzangu mkono, tukapanda ukingoni, yule mwanamke akiwa mbele yetu.

Maji yalikuja ya kahawia, yakisukuma povu na vijiti. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, milimani. Yakakiinua chungu. Magogo yalipita kasi, lakini chungu kilibaki kikizunguka palepale mbele yetu, miche imesimama wima, mpaka mwenzangu alipounganisha viganja na kusema neno moja la kwao. Hapo kikaenda.

"Ulijuaje?" nilimuuliza njiani.

"Sikujua. Kila mwaka namwacha pale mchangani, narudi nyumbani." "Leo miguu ilikataa kuondoka."

Alinishika mkono mpaka dukani. Yule mwanamke wa ndoo alitufuata kwa mbali, na tangu siku ile, akitaka sukari au tumbaku, alisimama ng'ambo ya barabara akamtuma mtu dukani, mwenyewe asithubutu kuingia.