Rangi Nyeusi ya Fundi Narumi

Kama kulikuwa na kitu Narumi Tokuzo hakukitilia shaka duniani, ni mikono yake. Kichwa chake alikuwa hakiamini tangu ujanani, na masikio yalishaanza kumgomea, lakini mikono! Wenye mashamba ya matufaha huku Tsugaru walimletea malori yao kabla ya ukaguzi wa kila mwaka, naye aliyaosha uvunguni kwa mvuke, kisha akapaka rangi nyeusi kila chuma kilichoonekana. Mafundi wote wa huku hupaka. Mkaguzi akichungulia akaona kutu, atachokonoa. Akiona kunang'aa, ataenda zake kula mapema. Ila wenzake hupuliza mara moja wakaridhika. Narumi alipuliza, akasubiri ikauke, akapuliza tena, halafu akashika brashi ndogo akamalizia pembeni kama anayempamba bibi harusi.

Na leo jitu zima hilo lilikuwa limelala chali chini ya lori la Kasai Misao, likitazamana na tone la mafuta.

"Cheka," aliliambia tone. "Cheka tu, mwenzangu. Uso wa kuona haya sina tena."

Misao alikuwa mjane, dereva wa lori aliloachiwa na mumewe. Alibeba matufaha kutoka mashambani, akapanda nayo mlima wa Yatate mpaka sokoni Odate. Tangu kiangazi ekseli ya nyuma, ule mhimili wa magurudumu, ilikuwa ikivuja mafuta kidogo kidogo. Lori lilitoka gereji kavu, likarudi na gurudumu la kulia limelowa. Narumi akabadilisha mpira wa kuzuia mafuta. Likaanza la kushoto. Akabadilisha na mpira wa huko. La kulia likarudia. Fundi mwenye akili angejiuliza ni nini kinachoyasukuma mafuta hayo nje. Narumi alilaumu mipira, akamlaumu aliyeiuza, akailaumu na baridi.

Mpaka juzi mafuta yalipofika kwenye breki. Misao alikuwa akiteremka Yatate, akakanyaga, lori likavuta upande na kwenda zake. Lilisimama gurudumu moja likiwa mtaroni. Hakuumia, wala matufaha hayakumwagika, lakini alipolileta gereji jana alisema kwa sauti ya upole, na Misao hakuwa mtu wa upole hata kidogo.

"Fundi, mwanangu kanipatia mnunuzi. Anakuja keshokutwa asubuhi. Litazame mara hii ya mwisho. Likivuja tena, basi, naliuza, nakaa nyumbani."

Afadhali angemtukana. Matusi ya Misao Narumi aliyazoea, tena yalimchangamsha.

Kwa hiyo asubuhi ile alikuwa ameliendesha mwenyewe taratibu kuzunguka mji, akalirudisha likiwa la moto, na hilo tone likatokea. Mkewe, Sachie, aliinama mlangoni na birika mkononi.

"Baba, toka huko, chai inapoa. Au nikuletee na mto?"

"Lete na blanketi. Hapa ndipo nitakapozikwa."

"Basi jichimbie kabisa, unipunguzie kazi."

Narumi alikuna kichwa. Likilala gereji, kavu. Likitembea likapata joto, linavuja. Alisema ngoja atazame mafuta yamebaki kiasi gani. Kila fundi anajua kwamba kizibo cha ekseli hufunguliwa ikishapoa. Narumi naye alilijua hilo. Alikuwa akiwafundisha wengine. Akatia spana, akazungusha.

Psss!

Upepo ulitoka kwa nguvu na mafuta ya vuguvugu yakamjaa usoni, puani, mpaka kwenye masharubu. Sachie alicheka hadi akaweka birika chini. Narumi hakufuta hata jicho. Alilala pale pale akiwaza. Upepo? Upepo umefungiwa humo ndani unafanya nini?

Juu ya ekseli huwa kuna kitundu chenye kifuniko kidogo, kisichozidi kidole gumba. Ekseli ikipata moto, hewa hutanuka na kupumulia hapo. Kisipopumua, hewa hutafuta pengine pa kutokea, na huyapitisha mafuta hata kwenye mpira mpya kabisa. Narumi alipeleka kidole juu, akapapasa. Laini. Akamulika tochi. Kifuniko kilikuwa cheusi, kinameremeta, bila hata alama ya brashi, kimegandana na chuma chake kama kimezaliwa nacho. Kumbe! Hakuhitaji kuuliza ni kazi ya nani. Mkoa mzima hakukuwa na fundi mwingine ambaye angeziba kitundu kile kwa umaridadi ule.

"Hongera, mzee," alijiambia. "Umeliziba pua, halafu unalishangaa linatoka jasho."

Misao aliingia wakati huo, kashika kikapu. Alikuwa amekuja kutoa vitu vya mumewe kwenye lori. Narumi alijiburura nje, uso mweusi tii.

"Dada Misao, ugonjwa nimeupata."

"Ni nini?"

"Mimi."

Akamweleza yote, kitundu, rangi, brashi ndogo. Alimaliza akayasubiri matusi. Hayakuja. Misao alikuwa ameshika kikapu kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo si uzito?"

"Uzito gani?"

"Nimekuwa nikipunguza makreti tangu kiangazi. Nilidhani napakia vibaya. Halafu nikadhani breki nazikanyaga vibaya. Mwanangu akanipigia, akasema mama, umezeeka. Nikamkubalia. Mimi, Fundi! Nikamkubalia!"

Narumi alitafuta la kujicheka nalo akalikosa. Alitazama mikono yake, akatamani kuificha mahali.

"Tengeneza," Misao alisema. "Halafu tunapanda Yatate, mimi na wewe, limejaa."

"Mimi milimani hutapika."

"Utatapika."

Narumi alibandua kile kifuniko akaweka kipya, akabadilisha mipira, akaziosha ngoma za breki na kuweka vitambaa vipya, maana vya zamani vilikuwa vimeshakunywa mafuta. Brashi hakuigusa. Alasiri makreti yalipangwa mpaka juu. Misao aliendesha, na Narumi alitapika mara moja, kwenye mfuko aliopewa na Sachie.

Walipomaliza mteremko wa upande wa pili, Misao aliegesha lori kando.

"Ingia uvunguni."

Narumi alilala kwenye majani yaliyolowa, akamulika kulia, akamulika kushoto. Akagusa kwa kidole, akakinusa.

"Pakavu?"

"Pakavu."

"Tazama tena!"

Akatazama tena, ingawa machozi yalimzuia kuona vizuri. "Pakavu kabisa, dada."

Kisha akamsikia Misao huko juu akiongea kwa simu.

"Ni mama yako. Niko barabarani. Nimejaza, ndiyo, mpaka juu. Yule mnunuzi wako mwambie asije. Nimesema asije! Na ukinitajia tena habari za uzee, nitakufuata huko huko Tokyo na lori langu."

Halafu kofi likapigwa kwenye bodi, pwaa, juu kidogo ya kichwa cha Narumi.

"Wewe mzee, toka huko chini, soko linafungwa! Au umeshaanza kupaka rangi tena?"