Ramani Iliyofungiwa Karanga

Katika mtaa wa Lumumba, Mama Léonie ndiye aliyekuwa akiwauliza wenzake walikotoa vitu. Ukipita mbele ya meza yake ya karanga na kiti ambacho jana hukuwa nacho, atakusimamisha na kukuhoji mbele za watu, mpaka kiti chenyewe kikuwashe mkononi. Alikuwa mjane, mtu wa kanisa, na ulimi wake haukuwa na kizuizi. Watu walimwogopa kidogo na kumheshimu sana, naye aliyapenda yote mawili.

Basi mtu huyohuyo ndiye aliyekwenda kupora.

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na tatu, mwezi wa tano, mji wa Bunia ulipopiganiwa nyumba kwa nyumba. Bunduki zilipotulia kidogo, watu walitoka mafichoni wakaanza kuubeba mji kwenda nao nyumbani. Ofisi ya serikali ya kupima mashamba ilikuwa imekwisha kubebwa milango, madirisha na nusu ya mabati. Mama Léonie aliingia kutazama tu, kama sisi sote tunavyoingia kutazama tu. Ndani akakuta makabati mapana, na ndani ya makabati ramani za tangu enzi ya Wabelgiji: vilima vimechorwa mstari ndani ya mstari, mito kwa wino wa buluu, barabara, njia za miguu, na majina ya vijiji yameandikwa madogo kama sisimizi. Hakuna aliyezitaka. Yeye alikuwa ameishiwa karatasi za kufungia karanga, maana magazeti hayakufika tena, na karatasi ya mfuko wa saruji huacha vumbi kwenye meno ya mteja. Akakumbatia alizoweza, akazifunika kwa kitenge. Njiani alijiambia kwamba ni makaratasi ya wakoloni, nani atayalilia? Nyani haoni kundule.

Karatasi zilikuwa nzuri, nene, hazipitishi mafuta. Jambo moja tu lilimsumbua. Penye kanisa, ramani ilikuwa na msalaba mdogo, na mwanamke mwenye imani hafungi chakula kwa karatasi yenye alama ya Mungu, kwa sababu karatasi ya karanga huishia chini ya miguu au chooni. Kwa hiyo alichukua mkasi, akaikata misalaba yote mmoja mmoja na kuihifadhi katika kopo la maziwa. Ramani zilizobaki alizikatakata kwa moyo mweupe, na hata akajiona mcha Mungu kuliko jana. Binadamu ndivyo alivyo: kaiba ng'ombe mzima, anaona haya kula kwato.

Mwezi wa nane, siku ya Jumapili, katekista Tharcisse alimsimamisha mbele ya waumini mwanamke mkimbizi aitwaye Solange. Alikuwa akiishi chini ya turubai karibu na uwanja wa ndege. Alitoka bonde la mto Lodza, huko nyuma ya vilima vya Kilo.

“Tulikimbia na mvua,” Solange alisema. “Mama yangu hakukuwa na nguvu ya kutembea. Tulimuacha na mama mudogo, karibu na kanisa yetu, nilimuambia nitarudia na mutokari. Batu ya musaada balikubali kutuma mutokari, lakini barabara kubwa iko na basoda, benye bunduki. Kuna ingine ya zamani, ya wakati ya Babelgiji, majani ilishaifunika. Bazee benye kuijua balikufa. Inabakia tu mu karte, mu zile ramani ya ofisi.”

Katekista akaongeza kwa upole, “Kama kuna mutu iko na zile karte ya ofisi, alete. Hakuna mutu atamuuliza alitosha wapi, alizipata wapi.”

Mama Léonie alikuwa benchi la mbele. Masikio yalimwaka moto. Alijua kusoma, na jina la Lodza alikuwa amelisoma kwa macho yake kabla ya mkasi kupita juu yake. Ilimpasa kusimama pale pale. Hakusimama. Uso umeumbwa na haya, na yeye, aliyekuwa amewahoji watu wote wa mtaa, hakuweza kufikiria kuhojiwa. Alirudi nyumbani, akatafuta katika ramani chache zilizobaki, asione bonde. Akanyamaza siku baada ya siku, na huku nyuma mwanamke mzee alikuwa akingoja motokari.

Aliyelifichua jambo ni Solange mwenyewe, tena bila kujua. Alikuja mezani kuomba msaada.

“Mama Léonie, benye quartier, batu ya huu mutaa, banasema weye unajua batu bote. Unisaidie kuuliza-uliza.”

Mama Léonie akamkunjia karanga za bure. Mikono ina mazoea yake, haingoji akili. Solange alipokea, akatazama karatasi, kisha akazimimina karanga kwenye kitenge chake na kuikunjua ile karatasi taratibu. Kulikuwa na mstari wa buluu.

“Hii ni maji ya wapi?”

“Ni miye,” Mama Léonie alisema. “Nilizitosha mu ofisi. Nilikata yote.”

Kuanzia saa ile alizunguka mtaa mzima, mlango kwa mlango, akiomba karatasi chafu. Wale aliowahi kuwaaibisha walimngoja kizingitini. “Na weye, Mama Léonie, ulitosha wapi?” walimuuliza, wengine wakicheka, naye alimjibu kila mmoja: nilipora. Alitamani ardhi ipasuke immeze, ila ardhi haina huruma hiyo. Vipande vingine vilikuwa vimeziba matundu ya madirisha, vingine vimewashiwa moto. Kwa Vahwere, jirani yake, alipata kipande chini ya sufuria. Vingi vilikwisha kwenda chooni.

Walivipanga kwenye sakafu ya kanisa, yeye, Solange, Tharcisse na Assani, dereva wa watu wa msaada. Mto ukaungana. Barabara ya zamani ikaonekana, ikapanda, ikavuka daraja, ikagawanyika njia mbili. Hapo karatasi ikaisha. Ndipo Mama Léonie alipokumbuka kopo lake, akakimbia kulileta, akaimwaga misalaba yote sakafuni. Solange aliipekua kwa kidole, mmoja baada ya mwingine, vijikaratasi vidogo vilivyopunguzwa kingo vizuri, visivyo na jina wala kilima.

“Kanisa yetu iko humu ndani,” alisema. “Lakini haina na njia.”

Assani alikwenda hivyo hivyo. Pale barabara ilipogawanyika alichagua upande mmoja, na upande huo ukamfikisha kwenye kinamasi. Alirudi na gari limejaa matope, halina mtu. Baadaye, vita vilipopungua, wanaume wa bonde walienda kwa miguu. Mama mdogo walimkuta hai. Aliwaonyesha kaburi nyuma ya kanisa, udongo wake bado mpya. Alisema marehemu alikuwa akimuuliza kila asubuhi kama hajasikia mlio wa motokari.

Siku ya matanga Solange alikuja kununua karanga za wageni. Mama Léonie siku hizo alifungia majani ya ndizi, na aliyatandaza haraka mezani, yaliyooshwa, ili yule mwenzake ayaone. Solange aliyasogeza kando kwa upole, akafungua pembe ya kitenge chake.

“Mimina tu humu, mama,” alisema. “Aksanti.”

Alisema mama kwa heshima ileile ya siku ya kwanza. Angemtukana, Mama Léonie angepumua. Alimimina haraka mno, karanga zikamwagika mavumbini. Mfiwa akainama, akaanza kuziokota miguuni pake, moja moja, na Mama Léonie akabaki amesimama juu yake, kwa kuwa kuinama kungemlazimu kutazamana naye.